Daktari ameondoka bila kumchoma sindano mbwa wangu aliyepaliwa. Nimchome mwenyewe?

Mzee wetu, shikamoo.

Mimi ni mkulima wa huku Tandahimba, nina mikorosho na kipande cha mihogo. Nina mbwa jike anaitwa Watasema, umri wake kama miaka mitano. Ndiye anayelinda mihogo isimalizwe na nguruwe pori na ngedere. Majirani wananishangaa ninavyohangaika kwa ajili ya mbwa, lakini bila yeye mwaka jana nisingevuna kitu, kwa hiyo naomba wewe usinicheke.

Juzi usiku alirudi kutoka upande wa shamba la jirani akiwa anayumba, akatapika mara mbili tatu. Shemeji yangu amekuja kutusaidia kuokota korosho, na jioni hiyo alikuwa ametoka kwenye uraka (pombe ya mabibo). Akasema papo hapo kuwa mbwa amekula sumu. Akamshika, akamfungua mdomo kwa nguvu, akammiminia tui la nazi, kisha mafuta ya kupikia karibu kikombe kizima. Mbwa akapaliwa vibaya, akakohoa, povu likamtoka mpaka puani. Shemeji akakwaruzwa kidole na jino kidogo tu. Kutapika kulikoma usiku uleule, na asubuhi hakuwa anayumba tena. Nafikiri hata sumu haikuwa sumu, maana kule kwa jirani kulikuwa kumetupwa utumbo wa samaki uliooza.

Ila tangu hapo anakohoa. Anapumua haraka, hataki kula vizuri, analala tu chini ya mkorosho. Jana nikamwita daktari wa mifugo kutoka wilayani, nikamlipia nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Alimsikiliza kifua, akampima joto (alisema 39.3), akatazama fizi, akamchoma sindano moja ya kuzuia kutapika. Basi. Akaniambia hatampa antibayotiki kwanza, nihesabu pumzi akiwa amelala, nimpigie leo jioni. Nimehesabu usiku, nikapata 34 kwa dakika.

Shemeji amekasirika. Anasema daktari gani anakula hela ya nauli halafu haachi dawa. Ameshanunua chupa ya OTC (antibayotiki ya oksitetrasiklini), ileile anayowachoma mbuzi wake, iko kabatini. Mjomba naye anasema tuachane na sindano zote, tumnyweshe mwarobaini uliochemshwa. Na mwanangu amesoma kwenye simu kuwa siku hizi mbwa wa namna hii wanatibiwa bila antibayotiki kabisa. Chanjo alipata zamani kidogo, cheti sikioni.

Nimsikilize nani?

Mama wa Watasema, Tandahimba

*

Marahaba mwanangu.

Msikilize daktari wako, na hiyo OTC isiguswe. Lakini kabla sijafika kwa mbwa, kuna jambo umelipita mbio kwenye barua: kidole cha shemeji. Mbwa aliyerudi usiku anayumba, akatokwa na povu, akamkwaruza mtu kwa jino, na cheti cha chanjo hakionekani. Povu lile huenda ni la tui na mafuta, naamini hivyo. Lakini kichaa cha mbwa hakiamuliwi kwa kuamini. Ugonjwa huo nao humfanya mbwa ashindwe kumeza, atokwe mate na abadilike sauti, na watu wengi wameuchukulia kuwa mfupa umekwama kooni, wakaingiza mkono.

Shemeji aoshe kidole leo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Najua maji huko juu kwenu ni ya kununua kwa ndoo, aoshe hivyo hivyo. Kisha aende hospitali leo leo, hata kama jeraha limeshakauka. Aeleze kuwa mbwa yupo hai nyumbani na anaangaliwa. Kipindi cha kumwangalia mbwa aliyeuma au kukwaruza mtu ni siku 10. Hospitali ndiyo itakayoamua kuhusu chanjo ya shemeji, si wewe wala mimi, na asikae nyumbani kusubiri siku hizo ziishe ndipo aende. Mpigie na daktari wa mifugo umwambie habari ya kidole, kama hukumwambia jana. Watoto wasimsogelee Watasema mpaka muda huo upite, na mtu yeyote asimtie mkono mdomoni.

Sasa tuje kwa kifua chake.

Mbwa akipaliwa, kilichopita njia isiyo yake kinashuka mpaka kwenye vifuko vidogo vya hewa. Kama ni matapishi, yana tindikali ya tumboni, na tindikali inaunguza. Ngozi ikimwagikiwa na maji ya moto huvimba na kutoa majimaji muda huohuo, na hakuna bakteria aliyehusika hapo. Mapafu nayo hufanya vivyo hivyo: yanavimba, yanajaa majimaji, mbwa anakohoa na kupumua haraka, hata joto linaweza kupanda kidogo. Ukimtazama kwa macho utaapa kuwa ni nimonia, kumbe bado ni kuungua. Bakteria huweza kuja baadaye, siku ya pili au ya tatu, wakikuta mahali pamelegea. Kwa baadhi ya mbwa hawaji kabisa, mwili unasafisha wenyewe.

Antibayotiki inaua bakteria. Haizimi tindikali wala haipunguzi uvimbe, na mafuta ya kupikia haiyayeyushi. Ndiyo maana mwanao hakusoma uongo. Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa mifugo uliotolewa mwaka 2017 kuhusu magonjwa ya njia ya hewa ya mbwa na paka unakubali kuwa mbwa aliyepaliwa muda si mrefu, ambaye hana dalili za maambukizi kuenea mwilini, daktari anaweza kuacha kumpa antibayotiki huku akimfuatilia. Mwongozo huohuo ukataka mbwa anayepewa dawa kwa nimonia akaguliwe upya ndani ya siku 10 hadi 14, badala ya ile desturi ya zamani ya kumeza vidonge wiki nne hadi sita bila mtu kuuliza. Huko Ulaya, baadhi ya hospitali kubwa za wanyama zimekwenda mbali zaidi, zinachagua mbwa wasiozidiwa na kuwatibu bila antibayotiki kabisa. Ila mwanao asisahau hili: mbwa hao wamelazwa, wana oksijeni karibu, wanapimwa damu kuona uvimbe wa mwili unapanda au unashuka, wanapigwa eksirei. Kwa hiyo hayo si mambo ya kumwacha mbwa chini ya mkorosho na kumwombea.

Hapo ndipo kazi yako ilipo. Daktari hakuondoka bure. Amekuachia kuhesabu pumzi, na kwa mbwa wa shamba kipimo hicho ni kikubwa kuliko unavyodhani. Kihesabu hivi: ngoja alale usingizi, si kupumzika tu huku macho yapo wazi, na si baada ya kutoka juani, maana kwa joto la huko kila mbwa hutweta. Kaa mbali kidogo. Mbavu zikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu nusu dakika kwa saa ya simu, zidisha mara mbili, andika kwenye karatasi pamoja na saa. Mbwa mzima aliyelala huwa chini ya 30. Wako ana 34, yaani yuko juu kidogo, hajafika pabaya. Ningetaka kuona usiku 34, mchana 32, kesho 28. Nikiona 34, 38, 42, basi mpango umebadilika na simu ipigwe bila kusubiri jioni.

Joto lake, 39.3, nalo liko pembeni tu. La kawaida kwa mbwa ni kati ya 38 na 39.2 hivi, kwa hiyo namwelewa daktari. Kama una kipimajoto chako, kipake mafuta ya mgando kwenye ncha, kiingie nyuma taratibu, na kisiwe kile mnachowapimia watoto. Ila kwa sababu ya ile habari ya kichaa, mshikaji asikae upande wa mdomo, na mbwa akigoma mwache. Pumzi zinatosha kukuambia mengi.

Nisikufiche, kesi yako si nyepesi kama zile za kwenye simu ya mwanao. Kama angepaliwa matapishi peke yake ningelala usingizi. Watasema kapewa tui, na tui lina sukari na protini na vijidudu vya jikoni kwetu. Kisha mafuta. Mafuta ni laini, huteleza hadi mapafuni bila kumkwaza mbwa akohoe kama ambavyo angekohoa kwa maji, halafu hukaa humo. Mwili huyaondoa polepole sana, na mara nyingine huacha makovu. Kwa hiyo anaweza kukohoa wiki kadhaa hata kama bakteria hawakuja, na kikohozi hicho kisikufanye ukimbilie kabatini. Muulize daktari wazi: "Je, nilikwambia kuhusu mafuta?" Maana kama hukumwambia, aliamua akiwa na nusu ya habari. Akijua yote bado anaweza kusema tusubiri, na anaweza pia kusema aanze dawa leo. Yote mawili yana hoja, na aliyemsikiliza kifua ni yeye.

Kuna mbwa ambao hata mimi nisingesubiri: kitoto, mzee aliyedhoofika, mbwa asiyeweza kusimama, yule ambaye kila siku chakula kinamrudi kwa sababu umio wake umelegea, na yule anayepewa vidonge vya kupunguza tindikali (hivyo hufanya tumbo lifuge bakteria ambao kwa kawaida tindikali ingewaua). Wako hayupo hapo.

Lakini akianza haya, daktari arudi, na hapo antibayotiki ina kazi yake: joto linashuka halafu linapanda tena, kamasi za njano au kijani zenye harufu zinatoka puani, anakataa chakula kabisa, anazubaa ukimwita, pumzi akiwa amelala zinafika 40. Fizi au ulimi ukiwa wa kijivu au wa bluu, au akikaa amenyoosha shingo na viwiko ameviweka mbali na kifua akitafuta hewa, hiyo ni dharura ya saa ileile. Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, tazama ulimi akiwa anatweta, usimfungue.

Kwa nini basi tusimchome tu, kwa usalama? Shemeji ataniuliza hivyo, na ni swali la haki. Ukimchoma leo OTC ya mbuzi, kwa kipimo cha kukisia, akipata nafuu kesho hutajua ni dawa au ni mwili wake. Akizidiwa, daktari atakuta bakteria waliokwisha kuonja dawa nusunusu, na wale wanaobaki ndio sugu. Dawa hiyo yenyewe inauma ikichomwa na huacha uvimbe. Na chupa moja inayozunguka kati ya mbuzi, kuku na mbwa, kila mmoja akipewa kidogo bila dozi kukamilika, ndiyo inayotufikisha mahali ambapo hata mtoto wa nyumbani akiugua dawa hazifanyi kazi. Antibayotiki ikihitajika, itoke kwa daktari, kwa uzito wa mbwa, na imalizike kwa siku alizosema. Kama mtandao unasumbua na huwezi kumpata, muombe tangu sasa akuandikie mpango wa pili: ikiwa hivi, toa kitu gani, kiasi gani. Madaktari wa wilayani wamezoea kuombwa hivyo, si jambo la kuona haya.

Mjomba naye, kwa heshima zote. Kutibu bila antibayotiki hakumaanishi kutibu kwa mwarobaini. Sina ugomvi na mwarobaini, lakini huwezi kumnywesha mbwa anayekohoa kikombe cha kitu kichungu kwa nguvu bila kumpalia mara ya pili. Hicho ndicho kilichotufikisha hapa. Kisiingie chochote mdomoni mwake kwa kumiminwa: si mwarobaini, si asali na limao, si maziwa, si dawa ya kikohozi ya watoto. Kikohozi chenyewe tunakitaka, ndicho kinachotoa uchafu. Na diklofenaki au ibuprofeni za binadamu zisikaribie kabisa, zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo.

Cha kufanya ni hiki. Mwondoe kwenye moshi wa jiko na mbali na mahali mnapochoma majani shambani. Asikae karibu na mifuko ya salfa iliyobaki ya kupulizia mikorosho, vumbi lake linawasha hata mapafu mazima. Mpe kivuli chenye upepo. Mnyororo au kamba ya shingoni itoke, inabana koo lilelile linalotaka kukohoa, na kama lazima afungwe, kamba ipite kifuani. Alale kifudifudi au kwa ubavu, na akilala ubavu mmoja muda mrefu mwite ageuke, mapafu yote mawili yapate hewa. Asubuhi na jioni kukiwa na ubaridi mtembeze taratibu uwani, hatua chache, huko kunamsaidia kukohoa vizuri kuliko kulala. Wengine humgongagonga mbavu kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, kutoka nyuma kwenda mbele, dakika chache. Si vibaya kama kutapika kumekoma na mbwa mwenyewe anatulia. Akikuonyesha meno, acha.

Chakula kiwe kidogo kidogo mara nyingi: ugali laini uliolowekwa kwenye mchuzi wa dagaa, umefinyangwa matonge, umewekwa juu ya kigoda au ngazi ya mlango ili ale akiwa amesimama kichwa juu. Wali wenye chembe kavu subiri kwanza. Maji yawe kwenye sahani pana. Baada ya kula asilale mara moja, mfanye asimame au akae robo saa hivi. Asipokunywa chochote kwa siku nzima, hilo ni la daktari na dripu, si la kumminyia maji kwa sindano.

Hata akipona, mwombe daktari amsikilize kifua tena baada ya wiki moja au mbili. Na kama siku nyingine atapaliwa bila kumiminiwa kitu, ujue kuna jambo kwenye koo au umio, wala usiseme ni bahati mbaya. Chanjo ya kichaa irudiwe akishapona. Kila mwaka karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huchanja mbwa, kwa hiyo uliza ofisi ya mifugo ya kata na safari hii cheti ukifunge kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za chama cha msingi.

Kuhusu sumu, maana msimu bado ni mrefu na mtu mwingine atakula kitu tena. Tui, maziwa, mayai mabichi na mafuta haviondoi sumu. Baadhi ya sumu huyeyuka kwenye mafuta na huingia mwilini haraka zaidi, na mbwa anayeyumba hamezi vizuri, kwa hiyo karibu kila anachomiminiwa kina nafasi ya kuishia mapafuni. Usimtapishe kwa chumvi wala sabuni. Mtoe alipo, mzuie asile zaidi, tafuta pakiti au mabaki ya alichokula, yapige picha, na mpigie daktari ukimtajia jina lililoandikwa kwenye pakiti kabla hajapanda bodaboda, ili aje na dawa inayofaa.